Kuchagua Programu ya Kupigia Nyimbo katika Kompyuta ya Nyumbani

Kaeni vema, wekeni madaftari tayari. Mwenye ukurasa huu mkononi aufuate polepole kwa kidole. Neno likikushinda, lipige mstari, utamwuliza mwalimu wako baadaye.

Leo tutazungumza juu ya kompyuta ya nyumbani, na hasa juu ya programu ya kupigia nyimbo. Pengine wasema moyoni, “Hilo ni jambo la vijana, mimi halinihusu.” Ngoja kwanza usikie.

Tuseme yuko mama mmoja pale Makanyagio. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa Inyonga, hodari wa nyimbo za Kikonongo, zile za kutwangia na za kubembelezea watoto. Kabla hajafariki, wajukuu walizirekodi sauti zake kwa simu ndogo ya vitufe. Wimbo mwingine aliurekodi shangazi, akautuma kwa WhatsApp. Sasa mtoto wa mama huyu amenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, na sauti zote zimehamishiwa humo. Mama akabonyeza ili amsikie marehemu. Kompyuta ikaandika maneno ya Kiingereza, maana yake: siwezi kulifungua faili hili. Kijana wa jirani akatazama, akasema, “Mama, hili limeharibika. Lifute tu, linakula nafasi.”

Je, alifute?

La, asilifute hata kidogo! Sauti ya bibi imo mle mle, nzima, haijapungua neno. Kilichoshindwa ni programu. Tutazame kwa nini.

Wazee mliopo mwaikumbuka gramafoni. Santuri ilikuwa kitu kimoja, na mashine ya kuipiga ilikuwa kitu kingine. Mashine ikifa, santuri haikutupwa. Ulikwenda kwa jirani mwenye mashine nzima, na wimbo ukasikika. Katika kompyuta ni vivyo hivyo. Faili ndilo santuri, na programu ndiyo mashine. Ukiiondoa programu na kuweka nyingine, nyimbo zako zabaki. Lakini ukilifuta faili, umevunja santuri, na programu ya kupigia nyimbo haiwezi kukurudishia.

Sasa, mbona programu moja hulikataa faili ambalo nyingine hulipokea? Fikirini reli. Reli yetu hii, itokayo Kaliua kuja Mpanda, upana wake kati ya chuma na chuma ni meta 1. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ina upana wa milimeta 1,435. Lichukueni garimoshi la kule, mlilete stesheni ya Mpanda. Halitatembea hatua moja. Je, garimoshi limeharibika? Hapana, limekosa reli yake.

Mafaili ya sauti nayo yana upana wake, na upana huo twaujua kwa mkia wa jina. Mkia ni zile herufi chache zinazofuata nukta ya mwisho. Ziandikeni katika daftari. Nyimbo nyingi tunazowekewa mjini katika flashi huishia mp3. Jina hilo lilichaguliwa mwaka 1995 na mafundi wa Ujerumani waliobuni namna ya kuubana wimbo uwe mdogo. Simu nyingi ndogo za zamani hurekodi sauti katika faili liishialo amr. Sauti za WhatsApp mara nyingi huishia opus. Ziko na m4a, wma, ogg na wav. Karibu kila programu huijua mp3. Taabu huanzia kwa hizi nyingine, nazo ndizo hasa zenye sauti za watu wetu. Wimbo wa mwanamuziki maarufu ukipotea utaupata kwa mwingine. Wimbo wa bibi aliyeimba uani kwake hauna duka.

Wengine hufikiri kwamba ukiufuta mkia amr na kuandika mp3 umemaliza kazi. Haifai. Ukimpaka punda mistari hatakuwa pundamilia. Kwa ndani faili ni lile lile, tena umejipoteza, maana kesho hutajua lilikuwa la aina gani.

Basi kipimo cha kwanza cha programu ni hiki: je, yaweza kuyapiga mafaili uliyo nayo wewe? Usiulize kama inasifiwa, wala kama ina rangi nzuri. Chukua mafaili matatu ya kwako: wimbo mmoja wa mjini, sauti moja ya simu ya zamani, na sauti moja ya WhatsApp. Zima bando. Kisha yafungue yote matatu kwa programu unayoipima. Yakilia yote bila intaneti, programu hiyo yafaa kuendelea kutazamwa. Likikataa moja, jaribu programu nyingine. Faili liache pale pale lilipo.

Nimesema uzime bando, nami nina sababu. Ziko huduma za kusikiliza nyimbo kwa intaneti, kama vile Spotify na Boomplay. Ni huduma halali, na mwenye bando la kutosha atafurahi nazo. Lakini wimbo unaouhifadhi ndani ya huduma ya namna hiyo huwa haufunguki nje yake. Huwezi kuutia katika flashi ukampelekea mjomba aliyeko Karema. Ni kama kuazima kitabu cha maktaba: wakisoma, bali si chako. Na sauti ya bibi haimo katika orodha yao. Kwa hiyo, hata ukiipenda huduma hiyo, bado wahitaji programu ya kupiga mafaili yako mwenyewe.

Sasa tutaje majina. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu hutumia Windows, nayo huja na programu yake ya kupigia nyimbo. Ijaribu hiyo kwanza, kwa kuwa haikugharimu kitu. Ikiyapiga mafaili yako matatu, huna haja ya kutafuta zaidi.

Ikikataa, mimi ningemshauri yule mama achukue VLC. Programu hii ilianza mwaka 1996, kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale cha Paris, Ufaransa. Tangu mwaka 2001 imetolewa huru: hulipi kitu, haikuwekei matangazo, na fundi yeyote aweza kuisoma jinsi ilivyoundwa. Alama yake ni ile koni ya rangi ya machungwa iwekwayo barabarani, kwa sababu wanafunzi wale walikuwa na desturi ya kuziokota koni na kuzikusanya. (Sidhani wenye barabara walifurahi.) Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba haichagui. Mp3, amr, opus, wma, wav, hata picha za sinema, huyafungua yote kwa vifaa vilivyomo ndani yake. Ukubwa wake wa kupakua ni kama megabaiti 40 na ushei, sawa na nyimbo kumi hivi.

Ina mambo mawili ya kuangalia. Sauti yake hupita 100 hata kufikia 125. Hapo si nguvu bure. Spika ndogo za kompyuta hukwaruza na huweza kupasuka, basi koma kwenye 100. Pia si hodari sana wa kupanga nyimbo maelfu kwa majina na waimbaji. Mwenye nyimbo nyingi, au mwenye kompyuta kuukuu yenye nguvu kidogo, aweza kujaribu foobar2000, iliyotoka mwaka 2002. Ni nyepesi mno, ya megabaiti chache, na sura yake ni kavu kama daftari la mahesabu. Ila si kila aina ya faili huipiga bila kuongezewa vifaa. Wengine watakutajia Winamp ya mwaka 1997, iliyopendwa sana zamani. Sitakuzuia, lakini ipime kwa mafaili matatu kama nyingine.

Sasa sikilizeni vema, hapa ndipo watu huumia. Programu ya bure ichukuliwe kwa mwenyewe. Anwani ya VLC ni videolan.org. Ukiandika jina lake ovyo katika intaneti waweza kuletwa mahali pengine, ukapewa programu iliyofungiwa takataka ndani yake. Kama huna bando, mwombe mtu akutilie katika flashi, lakini mwulize aliitoa wapi.

Iko hila nyingine mbaya zaidi. Windows kwa kawaida huficha mikia ya majina. Mwovu aweza kutengeneza kirusi akakiita wimbo.mp3.exe. Mkia wa kweli hapo ni exe, yaani hiyo ni programu wala si wimbo. Lakini kwa kuwa mkia umefichwa, wewe waona wimbo.mp3 tu. Wabonyeza, hakuna wimbo unaolia, na kirusi kimekwisha kuingia. Dawa yake ni kuiambia kompyuta ionyeshe mikia. Fungua folda, bonyeza neno View, kisha tafuta maneno File name extensions, uyawekee alama. Katika baadhi ya kompyuta utapitia kwanza neno Show. Fanya hivyo mara moja tu, nawe utaiona mikia siku zote. Wimbo wenye mkia exe usiuguse. Tena, ukifungua wimbo au sinema ukaambiwa upakue kitu kinachoitwa kodeki ndipo isikike, kataa. Jaribu kwanza kwa VLC.

Neno moja juu ya kufuta. Katika programu nyingi utaona orodha ya nyimbo. Kuondoa jina katika orodha si sawa na kufuta faili, ila ziko programu zinazokuuliza: niondoe katika orodha tu, au nifute na katika kompyuta? Soma swali lote kabla ya kubonyeza. Hapo ndipo faida ya kujua kusoma huonekana, na ndiyo sababu nimeleta somo hili kwenu. Kadhalika ziko programu zinazojitia kupanga nyimbo zako zenyewe, zikabadili majina kwa kufuata ya mtandaoni. Sauti uliyoiita “Bibi, wimbo wa kutwangia” yaweza kuamka kesho ina jina la mtu usiyemjua. Ukiona programu yaomba ruhusa ya namna hiyo, inyime.

Na kabla hujaweka programu yoyote, nakili zile sauti zako za thamani mahali pawili. Wala si kazi kubwa. Sauti ya mp3 ya kawaida huchukua kama megabaiti 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 ni megabaiti 4. Flashi ya gigabaiti 8 huchukua nyimbo kama 2,000. Sauti za amr na opus ni ndogo kuliko hizo. Yaani yule kijana aliyesema faili la bibi linakula nafasi hakupiga hesabu! Nakala moja ikae katika kompyuta, nyingine katika flashi iliyowekwa sandukuni, na ikiwezekana ya tatu kwa ndugu wa mbali. Usiichomoe flashi wakati kompyuta bado yaandika. Na tunaotumia umeme wa jua vijijini, tusianze kunakili jioni betri ikiwa imekaribia kuisha, maana umeme ukikatika katikati nakala yaweza kutoka pungufu.

Kwa hao wanaotumia betri, jambo dogo tu: nyimbo zikilia, zima kioo. Kioo hula umeme mwingi, nawe wasikia kwa masikio.

Sasa zoezi. Someni maneno haya kwa sauti, mmoja mmoja: fa-i-li. pro-gra-mu. m-ki-a. na-ka-la. fla-shi. Kisha kila mmoja aandike jibu la maswali haya katika daftari. Faili liitwalo shangazi.opus mkia wake ni upi? Faili liitwalo harusi.mp3.exe ni wimbo au si wimbo? Flashi ya gigabaiti 4 yaweza kuchukua nyimbo ngapi za dakika 4? Na swali la mwisho: je, nyumbani kwako iko sauti ya mzee yeyote iliyorekodiwa katika simu? Andika jina lake, na simu ilipo.

Hilo la mwisho mwalimu halisahihishi. Ukirudi nyumbani itafute simu hiyo, uitie chaji. Somo la juma lijalo litakuwa juu ya kuhamisha sauti kutoka simu ya vitufe hata kompyuta, basi atakayeweza aje nayo darasani, pamoja na waya wake.

Kwaherini.