Uzito wa yai huanza kupangwa kabla kuku hajataga

Maswali yanayotufikia kutoka Ainabkoi, Uasin Gishu, hasa Burnt Forest na Olare, yanafanana: kuku wa kienyeji ameanza kutaga, ni mzima, anakula vizuri, mbona mayai yake ni madogo? Wengine wameambiwa jogoo wao ni dhaifu. Wengine wameshauziwa unga wa "kukuza mayai" na wanauliza kama waongeze kipimo.

Tumalizane na jogoo kwanza, maana uvumi huu haufi. Mbegu yake hukutana na kiini mwanzoni kabisa mwa mrija wa mayai, kabla ute na ganda havijawekwa. Pasipo jogoo kuku atataga vilevile, yai la uzito uleule, ila halitaanguliwa. Anachoweza kufanya jogoo ni kuwarithisha watoto wake wa kike ukubwa wa mayai ya ukoo wake, na hilo utaliona kizazi kijacho, si kesho asubuhi.

Jibu lenyewe ameliona kila aliyewahi kumchinja kuku anayetaga. Ndani, chini ya mgongo, kuna kichala cha viini vya manjano: kimoja kikubwa kilicho tayari kudondoka, kinachofuata kidogo kuliko hicho, kingine cha ukubwa wa punje ya mahindi, kisha vidogo visivyohesabika. Vile vikubwa viko kwenye zamu, na kila kimoja hunenepa kwa kasi kwa siku 7 hadi 11 hivi. Mali inayovinenepesha hutengenezwa na ini, kwa amri ya homoni ya estrojeni, halafu damu ndiyo inayoipeleka kwenye ovari.

Sasa tazama kinachotokea. Kwa tembe aliyeanza kutaga juzi, viini vingi huingia kwenye zamu kwa pamoja, na mali ya ini hugawanywa kotekote. Kila kimoja hupata kidogo. Miezi inavyosonga, viini vinavyoingia kwenye zamu hupungua, lakini ini halipunguzi kazi kwa kiasi hicho, basi kila kiini hupata fungu kubwa zaidi. Kiini kikubwa hufanya mrija umwage ute mwingi zaidi, na yai zima linakuwa zito. Ndiyo sababu kuku huyohuyo akikua hutaga mayai mazito zaidi, ingawa machache. Ganda ndilo haliongezeki sawasawa na ukubwa huo, kwa hiyo mayai makubwa ya kuku mzee huvunjika upesi.

Msongamano huo wa mwanzo ndio huleta yai lenye viini viwili: vimepevuka pamoja, vikavikwa ganda moja. Na lile yai dogo lisilo na kiini ambalo watu hukimbilia kuliita la uchawi, ni mrija tu ulioanza kazi baada ya kuguswa na kipande cha tishu. Hakuna aliyerogwa.

Umri peke yake hautoshi, hata hivyo. Kuku anayetaga yai la kwanza akiwa na mwili mdogo huelekea kutaga mayai madogo kwa muda mrefu. Kuku wa mayai wa biashara huanza wiki ya 18 hadi ya 20, wakiharakishwa kwa taa, kwa sababu mwanga hupenya fuvu la ndege na kuuamsha ubongo moja kwa moja. Hata kuku kipofu huuhisi. Ainabkoi iko karibu kabisa na ikweta, mchana hauongezeki wala kupungua kwa kiasi cha maana, hivyo kwa kuku anayezurura shambani kinachoamua zaidi ni mwili. Huyu huchukua miezi 6 au zaidi. Kwenye baridi ya nyanda zile, sehemu ya chakula chake huishia kumpa joto, na chakula chenyewe mara nyingi ni mahindi matupu, kwa kuwa Uasin Gishu ni nchi ya mahindi. Mahindi yana upungufu wa methionini, mojawapo ya viungo vya protini vinavyolipa yai uzito.

Kwa hiyo unga wa pakiti unafanya nini? Baadhi yake ni vitamini zilizochanganywa na kiuavijasumu cha oksitetrasaikilini. Anayekuuzia hicho kwa kuku asiyeumwa hakusaidii: mabaki ya dawa huingia kwenye mayai wanayokula watoto wako, na bakteria hujifunza kuishinda dawa hiyo.

Walishe vifaranga protini tangu mwanzo: omena, mashudu ya alizeti, majani mabichi. Wazibie upepo usiku. Wanaotaga wape chokaa ya mifugo. Mayai ya miezi miwili ya kwanza kula au uza, usiyaatamishe, kwani kifaranga huzaliwa na takriban theluthi mbili ya uzito wa yai lake. Ukitaka kujua kama unasonga mbele, pima trei nzima ya mayai 30 kila mwezi, usiamini jicho. Lakini mayai ya kundi zima yakipungua ghafla, maganda yakawa laini au yamepinda, hilo si suala la umri. Huenda ni kideri. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.