Ufafanuzi: Matoleo ya mtambo wa simu za ofisini wa Norstar hayafanani

Ofisi inayotaka kurefusha maisha ya mtambo wake wa zamani wa simu haina budi kujua kwanza ni toleo gani hasa ililo nalo. Mtambo wa Norstar ni mfano mzuri. Ulitengenezwa na kampuni ya Northern Telecom ya Kanada, iliyojulikana baadaye kwa jina la Nortel. Kampuni hiyo iliomba kinga dhidi ya wadai wake Januari 2009, na mwaka huo huo kitengo chake cha mitambo ya ofisini kikanunuliwa na Avaya. Leo vipuri vya Norstar hupatikana zaidi vikiwa vimekwishatumika.

Dalili ya kwanza ya toleo ni namba mbili zinazoambatana na jina la kabati kuu: ya kwanza ni idadi ya laini za nje, ya pili ni idadi ya simu za ndani. Kabati la 3x8 hubeba laini 3 na simu 8, wala halipanuliwi. Compact ICS huanza na laini 4 na simu 8, na huweza kufikishwa laini 8 na simu 16. Modular ICS huandikwa 0x32, na hapo ndipo mnunuzi apaswapo kuwa makini zaidi, kwa kuwa sifuri hiyo haikuandikwa kimakosa. Kabati hilo hupokea simu 32, lakini halina laini hata moja ya nje mpaka lipachikwe katriji za laini. Ofisi iliyonunua kabati tupu kwa bei nafuu itaweza kupigiana simu chumba kwa chumba tu.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki lipo jambo jingine. Katriji ya kidijiti iliyotengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini hutumia mfumo wa T1 wenye njia 24 za mazungumzo, ilhali mitandao ya kwetu hufuata E1 yenye njia 30. Mifumo hiyo miwili haiingiliani. Volti za umeme nazo zikaguliwe, 120 kule na 230 huku.

Simu zenyewe zina unafuu: M7310 hufanya kazi katika makabati ya awali na ya ICS pia. Hata hivyo, ni ya kidijiti, hivyo haitumiki kwenye laini ya kawaida. Mashine ya faksi nayo huhitaji kifaa cha kugeuzia mawimbi kabla ya kuunganishwa na tundu la simu za ndani.