Ada ya mwezi kwa mgongo: unanunua nini hasa?

Serikali ya Kenya ilipoanza kujaribu mpango wa afya kwa wote katika kaunti nne mnamo Desemba 2018, Machakos iliingia kwa sababu ya majeraha ya ajali. Haikushangaza. Barabara ya Mombasa inapita Mlolongo na Athi River, na bodaboda ni nyingi kila kona.

Lakini migongo mingi ya kaunti hii haikuumizwa na gari. Maumivu yaliingia polepole tu, kwa kijana anayepakia mchanga kwenye lori, mchongaji wa Wamunyu aliyeinamia gogo kutwa nzima, fundi wa cherehani katika viwanda vya EPZ Athi River, au mama anayebeba mtungi wa maji kila asubuhi. Maumivu ya namna hii hayana tarehe ya ajali wala fomu ya polisi, na aghalabu mwenyewe humeza dawa za duka la jirani na kurudi kazini. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba watafika milioni 843 ifikapo 2050.

Nchini Marekani, mtu kama huyu anaweza kujiunga na kliniki ya kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha pingili za uti wa mgongo kwa mikono. Tiba hiyo ilianzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Iowa, mwaka 1895. Bima ya serikali ya wazee huko, Medicare, kwa mkairopraktiki hulipia kunyooshwa uti wa mgongo tu. Hailipii picha za eksirei alizoagiza mkairopraktiki, wala ziara za kuutunza mgongo uliokwisha kupata nafuu. Ndipo baadhi ya kliniki zikaachana na makaratasi ya bima. Mteja hulipa ada moja ya mwezi na kuhudhuria idadi fulani ya ziara; katika mpango mmoja maarufu ni nne kwa mwezi.

Ada isiyobadilika ina utamu wake. Unajua bei kabla ya kuvua shati, jambo ambalo mgonjwa wa Kenya hulijua kwa nadra. Swali ni kama mgongo unahitaji ziara zote hizo.

Tuanze na ule mlio wa "ko!" Wengi hudhani mfupa umerudi mahali pake. Sivyo. Kiungo kinapovutwa ghafla, shinikizo la majimaji yaliyomo hushuka na gesi hutengeneza kiputo. Mlio si kipimo cha kupona. Hata hivyo tiba yenyewe si uzushi. Mapitio ya majaribio 47, yaliyochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2019, yalionyesha kuwa kwa maumivu sugu ya kiuno, kunyooshwa husaidia kwa kiasi kinacholingana na tiba nyingine zinazopendekezwa, mazoezi yakiwemo. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 unaitaja tiba hii pamoja na mazoezi, elimu na kukandwa, huku ukionya dhidi ya mishipi ya kiuno na dawa kali za jamii ya afyuni.

Hesabu inayogusa ada ya mwezi ilitoka Sweden. Watafiti waliwafuatilia watu 328 wenye maumivu ya kiuno ya kurudiarudia, ambao tayari walikuwa wamepata nafuu kwa tiba ya kwanza. Kundi moja lilipangiwa ziara za kinga, jingine likaja lilipoumwa. Katika mwaka mmoja, kundi la kinga lilipungukiwa na siku kama 13 za maumivu, kwa kuongeza ziara zisizofika mbili. Kwa wastani walionwa kama mara saba mwaka mzima. Mpango wa ziara nne kwa mwezi ni ziara 48. Hizo arobaini na ushei za ziada sioni zinanunua nini.

Wala ada hii si bima. Kampuni ya AAR ilipoanza mwaka 1984 kama huduma ya uokoaji ya wanachama, wengi walichanga ili wachache waokolewe, na mzigo wa mmoja ukagawanywa kwa wote. Kwenye kliniki ya mgongo karibu kila anayelipa anaumwa na anakuja. Ni kama kumlipa mwuza maziwa mwanzo wa mwezi: bei inatulia, lakini ng'ombe wako akivunjika mguu, hilo halimhusu. Ukianguka na pikipiki, ada hiyo haikufikishi chumba cha upasuaji. Kazi hiyo imeachiwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: asilimia 2.75 ya mshahara, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, angalau 3,600, na hapo ndipo ada ndogo ya kliniki inapoanza kuvutia kuliko bima.

Atakayetaka kuiga mpango huu mjini Machakos angefaa auze ziara tano au sita pamoja na mazoezi ya kufanya nyumbani, kisha amwache mtu aende zake. Na huduma si lazima itoke kwa mkairopraktiki. Wataalamu wa fiziotherapia wana sheria yao tangu 2014 na baraza linalowasajili, kwa hiyo unaweza kuuliza namba ya usajili kabla ya kutuma M-Pesa.

Wapo pia wasiopaswa kunyooshwa kabisa kabla ya kupimwa hospitali: mwenye homa, kutokwa jasho usiku na kukonda, kwa sababu kifua kikuu hushambulia hata pingili za mgongo, aliyewahi kuugua saratani, au aliyetoka kuanguka vibaya. Ganzi katikati ya mapaja, au mkojo usiozuilika, ni dharura ya siku hiyohiyo.