Fahamu: Thatcher na Reagan wa mbao
Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, aliteuliwa kuiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice ya 2026. Usiyemjua, anza na kazi yake "A Fashionable Marriage" ya 1986: watu wa mbao, kimo cha binadamu, wamepakwa rangi na kubandikwa karatasi. Himid alichukua mchoro wa William Hogarth wa karne ya 18, bibi tajiri akibembelezwa na wakili chumbani; bibi akamgeuza kuwa Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, na wakili akawa Ronald Reagan, aliyekuwa rais wa Marekani. Kejeli tupu! Ila utamu, kwangu mimi, uko kwingine: Hogarth alimchora mtumishi mweusi akigawa chokoleti ya kunywa, naye Himid nafasi hiyo akampa msanii mwanamke mweusi. Tuzo ya Turner, ya sanaa nchini Uingereza, Himid aliitwaa 2017, akiwa na miaka 63.