Thamani ya Stempu Kuukuu

Mkusanyaji wa stempu ni mtu azitafutaye stempu za nchi nyingi na kuzipanga katika daftari. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, bali macho makali na subira. Hata mtoto wa Kalinzi, katika milima ya kahawa juu ya Kigoma, aweza kuikuta stempu njema katika sanduku la barua za babu yake.

Wengi hudhani ya kuwa kila stempu kuukuu ni mali. Sivyo. Stempu ya kwanza ya ulimwengu, yenye sura ya Malkia Victoria, ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Zilipigwa chapa zaidi ya milioni 68, na hata leo si adimu. Mambo yaitiayo stempu thamani ni matatu: uchache wake, uzima wake, na ukweli wake.

Kwanza, uchache. Mwaka 1922 Tanganyika ilitoa stempu zenye kichwa cha twiga. Ile ya senti 5 ilitumiwa na watu wengi, kwa hiyo ni rahisi kuipata. Lakini ile ya pauni 1 ni adimu, kwa maana wachache walikuwa na haja ya kulipa posta fedha nyingi hivyo.

Pili, uzima. Stempu njema haikuchanika, meno yake ni kamili, na rangi yake haikuchujuka.

Tatu, ukweli. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliwafukuza Wadachi Kigoma na Ujiji. Baadhi ya stempu za Kongo zikapigwa juu yake jina KIGOMA, na nyingine UDJIDJI, yaani Ujiji. Wakusanyaji walizitamani sana. Walaghai walipoona hayo, wakatwaa stempu za Kongo za kawaida, wakazipiga majina hayo wenyewe. Kwa hiyo mwenye busara hanunui stempu ya namna hii kabla ya kumwonyesha mjuzi.

Mwaka 1873, katika nchi ya Guyana, mvulana wa miaka 12 aitwaye Vernon Vaughan aliona stempu nyekundu ya senti 1 katika barua kuukuu za jamaa zake. Ilikuwa imekatwa pembe, wala haikumpendeza, akaiuza kwa shilingi 6. Baadaye ilijulikana ya kuwa hakuna ya pili yake duniani. Mwaka 2014 iliuzwa New York kwa dola zaidi ya milioni 9! Uchache wake ulikuwa umeushinda ubovu wake.

Basi, mtu akipata barua ya zamani, asiibandue stempu yake upesi. Pengine bahasha nzima, yenye muhuri wa posta uonyeshao mji na tarehe, ina thamani kuliko stempu peke yake. Aiweke pakavu, aulize kwanza. Wazee walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.