Kwa Nini Kongosho Halijimeng'enyi

Mwanafunzi wa Samuye, mkoani Shinyanga, anapokula ugali kwa dagaa, kongosho lake hutoa tripsini, kimeng'enya kivunjacho protini. Lakini kongosho nalo limejengwa kwa protini. Mbona basi halijimeng'enyi?

Kinga ya kwanza ni kwamba tripsini huundwa ikiwa imelala, nayo huitwa tripsinojeni. Huamshwa ifikapo katika utumbo mwembamba. Kiasi kidogo kikiamka mapema, protini iundwayo kwa maagizo ya jeni iitwayo SPINK1 hukifunga. Tena, tripsini hukatana yenyewe kwa yenyewe hata ikaharibika.

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa, katika familia zirithizo ugonjwa wa kuvimba kongosho, kosa moja katika jeni ya PRSS1 huondoa mahali pa mkato huo. Mwaka 2000 kasoro za SPINK1 nazo zilihusishwa na kuvimba sugu kwa kongosho.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawakurithi kosa lolote: vijiwe vya nyongo au pombe nyingi huweza kuzishinda kinga hizo. Maumivu makali ya ghafla juu ya kitovu, yapenyayo hadi mgongoni, pamoja na kutapika, si ya kungojea kupambazuke. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.