Mashine Imo Mikononi mwa Nani? Misimbo ya Kuskani na Utunzaji wa Vifaa Mbinga

Kahawa ya arabika inayolimwa kwenye miinuko ya Wamatengo, wilayani Mbinga, hupita katika mashine mbili kabla ya kuuzwa: ya kwanza huimenya, yaani huivua ganda jekundu ikiwa bado mbichi, na ya pili huikoboa, yaani huondoa ganda jembamba lililokwisha kukauka, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika kiwandani. Mitambo ya kumenya inayomilikiwa na vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, hufanya kazi mfululizo wakati wa mavuno ya katikati ya mwaka, kisha hulala miezi mingi. Katika usingizi huo mwendeshaji ameshalipwa akaenda zake, uongozi wa chama pengine umebadilika na ufunguo umepita mikono kadhaa, kiasi kwamba swali la nani alikuwa na dhamana ya mashine hukosa jibu.

Madhara ya pengo hilo ni madogo kwa macho lakini makubwa kwa bei. Mashine ya kumenya ina diski au pipa lenye vinundu vinavyosukuma tunda dhidi ya ubapa wa chuma, na nafasi kati ya sehemu hizo mbili hupangwa kwa milimita chache: ikibana kupita kiasi punje hukatika, na punje iliyokatika huchacha vibaya na kuharibu ladha, ikilegea, matunda hupita bila kumenywa. Vinundu hulika, beringi hudai grisi, mkanda hulegea, na yote hayo hufuata saa ambazo mashine imezunguka, wala hayasubiri fundi akumbuke. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza matengenezo kinga, yaani kazi inayofanywa kwa ratiba kabla kifaa hakijaharibika, na ratiba isiyo na rekodi ni maneno matupu.

Rekodi nayo huhitaji jina lisilobadilika. Ofisi nyingi huandika namba ya mali kwa rangi ya mafuta kwenye mguu wa meza au ubavuni mwa mashine, kisha huiingiza katika daftari la mali za kudumu, ambamo kosa la tarakimu moja hutosha kukipoteza kifaa. Dawa ya kosa hilo ni alama inayosomwa na mashine. Msimbopau, ambao ni safu ya mistari myeusi na myeupe yenye upana tofauti, ulianza kusomwa dukani tarehe 26 Juni 1974 mjini Troy, Ohio, nchini Marekani, kwenye pakiti ya bigijii. Msimbo wa QR, ule wa mraba, ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Kwa hiyo alama ambayo leo wengi huijua kwa kulipia bidhaa ilizaliwa kiwandani, katika kazi inayofanana sana na hii inayojadiliwa hapa. Miraba mitatu ya pembeni huionyesha kamera msimbo ulipo na umegeukia upande gani, na sehemu ya vijiraba vilivyobaki hubeba hesabu za ziada, zilizoasisiwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, ambazo katika kiwango cha juu kabisa huuwezesha msimbo kusomeka hata takriban asilimia 30 ya data zake zikiwa zimeharibika. Penye grisi na maji ya maganda ya kahawa, kiwango hicho ndicho cha kuchagua. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay na Liuli, adui ni jua na mchanga, hivyo lebo ya injini ya boti au ya kizimamoto inafaa iwe bati la alumini lililochongwa, si karatasi.

Chini ya msimbo huchapwa namba ya kusomwa kwa macho, kwa ajili ya siku ambayo kamera ya simu imepasuka, na mwishoni mwake huongezwa tarakimu ya kujikagua. Kifaa namba 20471 ni mfano: kuanzia kulia, tarakimu huzidishwa kwa 3 na kwa 1 kwa kupokezana, jumla huwa 28, na kinachopungua kufikia 30 ni 2, hivyo namba kamili ni 204712. Karani akiandika 201712, jumla pamoja na tarakimu hiyo ya mwisho huwa 21, haigawanyiki kwa 10, na programu huikataa papo hapo.

Ndani ya msimbo inatosha kuwekwa namba hiyo tu. Tarehe ya matengenezo na jina la mwenye dhamana hubadilika, kwa hiyo hukaa katika daftari la kielektroniki, ambamo kila kuskani huongeza mstari usiofutika: nani, lini, amefanya nini, mita ya saa za mashine inasoma ngapi. Pasipo na mtandao, simu huutunza mstari huo na kuutuma baadaye. Kosa la kawaida ni kumpa fundi daftari lake la matengenezo na mtunza stoo daftari lake la makabidhiano, ilhali mambo hayo mawili hayatenganiki. Eneo hili linaujua uzito wa makabidhiano: Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, na Mbinga yenyewe ikapata halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji. Katika migawanyo ya namna hiyo mali na madeni hugawanywa, na jenereta au darubini ya zahanati inaweza kubadilisha mmiliki kwa kalamu bila kusogea hata hatua moja.

Teknolojia hii haizuii ujanja. Fundi mvivu anaweza kuupiga picha msimbo na kuuskani akiwa nyumbani, na mwizi anaweza kubandua lebo ya mota nzima akaipachika kwenye mota mbovu; dawa yake ni kudai picha ya mita ya saa kila mara na kuandika pia namba ya kiwandani iliyogongwa kwenye chuma. Chama kinachotaka kuanza kianze na mashine ya kumenya na mizani, ambayo Wakala wa Vipimo hutakiwa kuihakiki kila mwaka, tena kianze kabla ya mavuno. Na ufunguo wa stoo usitoke mkononi mwa mtu mpaka msimbo uskaniwe mbele ya anayekabidhi na anayepokea.